Diski haisomi kwenye kompyuta: mwongozo kamili wa kutafuta tatizo bila kupoteza data

"Diski haisomi" ni lalamiko moja linaloficha matatizo matatu yasiyohusiana. Huenda diski haipati umeme wa kutosha. Huenda inapata umeme lakini madabodi (bodi kuu ya kompyuta) haiitambui. Au madabodi inaitambua vizuri kabisa, ila Windows haioneshi mafaili. Kila tatizo lina njia yake. Anayefomati diski ambayo kosa lake lilikuwa waya amefuta data bure, na anayehangaika na programu kwenye diski inayogonga ndani anazidi kuimaliza. Ndiyo maana tunakwenda kwa mpangilio: umeme, waya, BIOS (programu ya madabodi inayoamka kabla ya Windows), Windows, na mafaili mwisho.

Kabla hujagusa chochote jiulize: humo ndani kuna kitu ambacho huna nakala yake pengine? Kama kipo, mambo manne hayafanywi kabisa kwa sasa: kubonyeza Initialize, kubonyeza Format, kuendesha chkdsk, na kusakinisha programu ya kurejesha data ndani ya diski hiyohiyo. Watu wengi hudhani chkdsk haina madhara. Kazi yake ni kuuweka sawa mfumo wa mafaili, si kuokoa yaliyomo. Kwenye diski yenye sekta mbovu (sekta ni vipande vidogo vya kuhifadhia data) inaweza kukata mafolda mazima na kukuachia vipande vyenye majina kama FILE0000.CHK.

Sikiliza kwanza

Diski ya sahani zinazozunguka hujieleza yenyewe. Chomeka umeme, weka kiganja juu yake, sogeza sikio. Diski isiyo na kasoro huanza na mvumo wa mota, kisha tiki chache ndogo za vichwa vya kusomea vikitoka mahali pake, halafu hutulia ikiendelea kuzunguka. Ukisikia hivyo na bado haionekani, shukuru: tatizo linaelekea kuwa kwenye waya, tundu, mpangilio wa BIOS au mfumo wa mafaili.

Ikiwa kimya na haitetemeki hata kidogo, umeme haufiki au bodi yake imeungua. Ikitoa mlio mwembamba wa bipu bila kuzunguka, mota inajaribu na kushindwa. Ama umeme wa USB hautoshi, ama vichwa vimeng'ang'ania juu ya sahani. Jaribu tundu jingine mara moja tu. Mlio ukirudi, ichomoe.

Sauti ya kugonga kwa mpigo mmoja, tak, tak, tak, kisha kimya, maana yake vichwa havisomi alama za kujielekeza. Zima hapo hapo. Hakuna programu inayotibu hilo, na kila dakika inayozunguka ikiwa hivyo inaweza kuwa inakwangua sahani zenyewe. Ushauri wa kuiweka kwenye friza bado unazunguka mitandaoni, achana nao. Ikitoka kwenye baridi hushika unyevu, na huo unyevu utaishia juu ya sahani.

SSD, yaani diski ya chipu isiyo na sahani, haina sauti, kwa hiyo nenda hatua inayofuata.

Umeme na waya wa diski ya nje

Diski ndogo ya nje, ile ya inchi 2.5, inategemea USB peke yake. Kwa viwango rasmi, tundu la USB 2.0 hutoa miliampea 500 na la USB 3.0 hutoa 900. Mota inapoanza kuzunguka inaweza kutaka karibu ampea 1 kwa sekunde chache. Tundu likiwa limechoka, waya ukiwa mrefu na mwembamba, au ukiwa umepitia habu (kigawanyo cha matundu ya USB) isiyo na adapta yake, diski huwasha taa, hujaribu kuzunguka, huzimika, hujaribu tena. Fanya hivi:

1. Chomeka moja kwa moja kwenye kompyuta, bila habu. Kwa kompyuta ya mezani tumia matundu ya nyuma, kwa sababu ya mbele hupitia waya wa ziada ndani ya kasha.
2. Badilisha waya, uweke mfupi zaidi. Kama ni wa Type-C, hakikisha unapitisha data. Baadhi ya nyaya za simu ni za kuchajia tu.
3. Jaribu kwenye kompyuta nyingine kabisa. Hili pekee huondoa nusu ya mashaka.
4. Ikibidi, tumia waya wenye vichwa viwili vya USB, kimoja cha kuongeza umeme, au habu yenye adapta.

Angalia pia tundu la kwenye diski yenyewe. Lile bapa pana lenye sehemu mbili, Micro-B la USB 3.0, hulegea upesi. Ukitikisa kidogo taa ikawaka na kuzima, umeshalipata kosa. Usiendelee kutumia kwa kuegemeza waya na kitabu: diski ikikatika katikati ya kuandika, ndipo mfumo wa mafaili unapoharibika.

Diski kubwa ya nje, ya inchi 3.5, huwa na adapta ya volti 12. Volti 12 ni za mota, na bodi hutumia 5. Pima adapta kwa mita. Ikionesha 9 au inacheza-cheza, nunua nyingine yenye volti zilezile na ampea zisizopungua zilizoandikwa. Kosa linaloua diski hizi ni kuchomeka chaja ya laptopu ya volti 19 kwa sababu tu kichwa chake kimeingia.

Taa ikiwaka na mota ikizunguka lakini kompyuta haioni kitu, shuku kijibodi cha USB kilichomo kwenye kasha. Fungua kasha, toa diski, ichomeke kwa SATA, njia ya kuunganishia diski za ndani. Hapa kuna mitego miwili. Kwanza, diski nyingi ndogo za WD, kama My Passport, zina tundu la USB lililochomewa kwenye bodi ya diski yenyewe, kwa hiyo ndani hutakuta SATA. Na data huenda imefichwa kwa fumbo hata kama hukuwahi kuweka nywila. Pili, baadhi ya makasha ya diski zinazozidi TB 2 huipa kompyuta sekta za baiti 4096 badala ya 512. Ukiitoa diski kwenye kasha lake, Windows itasema ni tupu au ni RAW, yaani haielewi kilichomo. Hakuna kilichofutika, irudishe kwenye kasha lilelile, au jingine la aina hiyo, na mafaili yatarudi.

Diski ya ndani ya kompyuta ya mezani

Zima, chomoa waya wa ukutani, bonyeza kitufe cha kuwashia mara moja ili umeme uliobaki uishe, kisha gusa chuma cha kasha. SATA ina nyaya mbili: mwembamba wa data wenye pini 7 na mpana wa umeme wenye pini 15. Chomoa zote, chomeka tena mpaka zikae. Badilisha waya wa data kabla ya kulaumu kitu kingine. Ni kifaa cha bei ndogo kuliko vyote humo ndani, na kosa lake hujificha: diski huonekana leo, kesho haionekani. Kisha hamisha kwenda tundu jingine la SATA, na kichwa kingine cha umeme.

Ukiwa na pawasaplai ya nyaya zinazochomolewa, usitumie waya wa pawasaplai nyingine hata kama unaingia. Upande wa diski wote ni sawa, ila upande wa pawasaplai kila mtengenezaji hupanga pini zake atakavyo. Volti 12 zikienda mahali pa 5, bodi ya diski inaungua papo hapo.

Jambo jingine linalochanganya hata mafundi ni diski kubwa zilizotolewa kwenye makasha ya nje, au za seva. Zikichomekwa kwenye pawasaplai ya zamani hazizunguki kabisa, na mtu huzitangaza zimekufa. Kwenye kiwango kipya cha SATA, pini ya 3 ya umeme ni ya kuizima diski kwa amri. Pawasaplai ya zamani hupeleka volti 3.3 hapo muda wote, na diski inatii. Tumia adapta ya Molex (kichwa cha umeme cha zamani) kwenda SATA, ambayo haina volti 3.3, au funika pini ya 3 kwa kipande chembamba cha tepu ya Kapton, isiyopitisha umeme.

BIOS ndiyo mwamuzi

Washa kompyuta ukibonyeza Del au F2 (F10 kwa HP nyingi) uingie BIOS. Tafuta orodha ya diski, mara nyingi chini ya Storage, SATA Configuration au NVMe Configuration. Soma jina na ukubwa.

Isipoonekana hapa, usihangaike na Windows. Kosa liko kwenye umeme, waya, tundu, mpangilio wa BIOS au diski yenyewe. Ikionekana kwa jina na ukubwa sahihi, umeme na waya ni salama, tatizo liko kwenye Windows au mafaili. Ikionekana kwa jina la ajabu au ukubwa wa sifuri, programu ya ndani ya diski imeharibika. Mfano unaojulikana ni SSD za bei nafuu zenye kidhibiti cha Phison S11: zikifa hujitambulisha kwa jina SATAFIRM S11. Zipo njia za kuipandishia programu upya ikafanya kazi, lakini data huondoka.

Ndani ya BIOS angalia pia kama tundu lako la SATA limewekwa Disabled. Na tahadhari: kama Windows imefungwa kwa BitLocker (kufuli lake la kuficha data kwa fumbo), kubadilisha mipangilio ya BIOS kunaweza kuifanya idai ufunguo wa tarakimu 48 inapowaka. Upate ufunguo huo kwanza. Kwa wengi umehifadhiwa kwenye akaunti ya Microsoft. Usibadilishe RAID kwenda AHCI (namna mbili za BIOS kuendesha diski) kwenye mashine ambayo Windows yake inawaka. Itakuja skrini ya buluu yenye INACCESSIBLE_BOOT_DEVICE. Hilo likitokea, rudisha ulivyokuta na itawaka.

M.2, mahali penye kelele nyingi

SSD ya M.2, ile ya umbo la kijikadi kinacholala kwenye madabodi, inaweza kuwa ya SATA au ya NVMe (njia ya kasi zaidi), na kwa umbo zinafanana. Ya SATA kwa kawaida ina mikato miwili kwenye pini zake, ya NVMe mara nyingi ina mmoja. Tundu la NVMe pekee litaipokea ya SATA, skrubu itakaza vizuri, na BIOS haitaiona milele. Soma kitabu cha madabodi. Huwezi kukisia kwa macho. Kitabu hichohicho kitakuambia kama kutumia tundu la pili la M.2 kunazima matundu fulani ya SATA. Ndiyo sababu mtu huongeza SSD mpya na diski yake ya zamani "inakufa" siku hiyohiyo: haijafa, ihamishe tundu.

Unapoichomeka, iingize kwa mshazari wa kama nyuzi 30 hadi pini ziishe, ndipo uilaze na kukaza skrubu.

Kwa laptopu zenye Intel kuanzia kizazi cha 11, kisa kinachojirudia ni hiki: BIOS inaiona NVMe, lakini ukisakinisha Windows unapata "We couldn't find any drives". Sababu ni VMD, kidhibiti ambacho kisakinishi hakina draiva yake. Pakua draiva ya Intel RST kutoka kwa mtengenezaji wa laptopu, ifungue kwenye flashi, kisha chagua Load driver. Kama diski ni mpya na haina kitu, unaweza kuzima VMD kwenye BIOS. Kwenye Acer nyingi chaguo hilo limefichwa; fungua ukurasa wa Main ubonyeze Ctrl+S.

BIOS inaiona, Windows haioneshi

Bonyeza Windows+R, andika diskmgmt.msc. Usitazame sehemu ya juu yenye herufi. Tazama ya chini, yenye Disk 0, Disk 1 na kuendelea. Hali utakayoikuta ndiyo itakayoamua.

Patisheni (sehemu ya diski) ipo, ina jina na NTFS (mfumo wa mafaili wa Windows), ila haina herufi: bofya kulia, Change Drive Letter and Paths, Add, chagua herufi. Umemaliza.

Imeandikwa Offline: bofya kulia kwenye jina la diski, Online.

No Media, au ukubwa wa sifuri: kijibodi cha USB kinaongea na kompyuta lakini diski iliyo nyuma yake haijibu. Rudi kwenye umeme na sauti.

Unallocated au Not Initialized: kwa diski mpya ni kawaida. Initialize, chagua jedwali la patisheni la GPT (lile la zamani, MBR, halivuki TB 2), kisha New Simple Volume. Kwa diski iliyokuwa na mafaili jana, funga kisanduku hicho kwa Cancel. Hapa jedwali la patisheni halisomeki, na TestDisk, programu ya kutafuta patisheni zilizopotea, mara nyingi hulipata tena.

RAW, au ujumbe "You need to format the disk in drive E: before you can use it": ujumbe huu ndio uliofuta picha nyingi za harusi kuliko diski zilizokufa. Windows haisemi diski ni mbovu. Inasema haielewi kilichomo. Huenda diski ilifomatiwa kwenye Mac (APFS au HFS+) au Linux (ext4), na ikichomekwa huko itafunguka bila taabu. Huenda ilichomolewa katikati ya kazi au umeme ulikatika. Bonyeza Cancel kwanza, kisha ujue ni lipi.

Kama diski haionekani hata kwenye Disk Management, fungua Device Manager, View, Show hidden devices. Chini ya Disk drives bofya kulia jina lake, Uninstall device, chomoa, washa kompyuta upya, chomeka tena. Kwenye Linux, `lsblk` huorodhesha diski na `sudo dmesg -w` hukuonesha papo hapo kinachotokea unapochomeka. Mistari ya "I/O error" inayorudiwa si ya programu, ni ya diski.

Pima afya kabla ya kuamini

Diski ikishaonekana, isome SMART (rekodi ya afya ambayo diski hujiwekea) kwa CrystalDiskInfo, au `sudo smartctl -a /dev/sdb`. Namba nne zinatosha. 05 ni sekta zilizokwisha kubadilishwa. C5 ni sekta zinazosubiri kuamuliwa, na hii ndiyo ya kuogopwa: ikizidi sifuri, nakili sasa. C6 ni zilizoshindikana kusomeka. C7 huhesabu makosa ya njiani kati ya diski na madabodi. Ikiwa inapanda huku nyingine ni sifuri, badilisha waya wa SATA. C7 hairudi sifuri hata baada ya kurekebisha, kwa hiyo angalia kama inaendelea kupanda.

Ikiwa C5 imepanda, usianze kuburuta mafolda kwa Windows. Windows hung'ang'ania sekta mbovu moja kwa muda mrefu huku diski ikizidi kuchoka. Washa Ubuntu kutoka flashi, sakinisha gddrescue (programu ya kunakili diski mbovu, amri yake ni ddrescue), andaa diski nyingine kubwa zaidi iliyofomatiwa NTFS au ext4 (FAT32 haipokei faili la zaidi ya GB 4). Hakiki kwa `lsblk` ipi ni ipi, fungua folda ya diski hiyo ya kupokea nakala kwenye terminali, kisha (hapa /dev/sdb ni diski mbovu):

`sudo ddrescue -n /dev/sdb nakala.img nakala.map`

`sudo ddrescue -d -r3 /dev/sdb nakala.img nakala.map`

Amri ya kwanza huchukua yaliyo rahisi na kuruka mabovu. Ya pili hurudi kuyajaribu mara 3. Faili la .map hukumbuka mlipofika, kwa hiyo umeme ukikatika unaendelea pale pale kwa amri ileile. TestDisk na PhotoRec zitumie juu ya nakala.img, si juu ya diski. PhotoRec hurudisha mafaili bila majina yake, basi ianze baada ya TestDisk kushindwa.

Bodi iliyoungua na bodi yenye kutu

Diski iliyo kimya baada ya adapta mbaya huenda imeokolewa na diodi ya ulinzi. Karibu na tundu la umeme kwenye bodi kuna diodi mbili za TVS, moja ya volti 5 na nyingine ya 12. Umeme ukizidi hujitoa mhanga na kufanya shoti. Diski ikiwa haijachomekwa popote, pima ukinzani kati ya volti 12 na ardhi, kisha 5 na ardhi. Ukipata karibu na omu 0, diodi ya upande huo imekufa. Fundi mwenye mkono mzuri wa kuchomea risasi akiitoa, mara nyingi diski inawaka. Itakuwa haina ulinzi tena. Nakili data, kisha usiitumie.

Kununua bodi ya diski nyingine ya modeli ileile hakutoshi. Kila bodi ina vipimo vya diski yake, kwa kawaida kwenye chipu ndogo ya miguu 8, na chipu hiyo lazima ihamishwe.

Kwa wanaoishi pwani, kuanzia Lamu hadi Mtwara, kuna kosa jepesi zaidi. Hewa ya chumvi huleta utandu mweusi kwenye vibati vinavyogusana kati ya bodi na mwili wa diski. Fungua skrubu za bodi kwa bisibisi ya Torx, mara nyingi T6 au T8, geuza bodi, sugua vibati hivyo taratibu kwa raba ya penseli, futa kwa pombe ya aisopropili, acha ikauke, rudisha. Hizo ni skrubu za bodi iliyo chini, si za mfuniko wa juu.

SSD iliyopotea baada ya umeme kukatika

Baadhi ya SSD za SATA hurudi zenyewe zikipewa muda. Chomeka waya wa umeme tu, bila wa data, iache dakika 20. Chomoa sekunde 30. Rudia mara moja tena, kisha chomeka vyote. Ikirudi, nakili data siku hiyo. Na kama uliyafuta mafaili mwenyewe kwenye SSD, TRIM (amri inayoiambia SSD isafishe nafasi ya mafaili yaliyofutwa) huenda imeshayasafisha. Huko programu za kurejesha hazina cha kurejesha.

Diski ya nje ya TB 2, 8 au 16 iliyouzwa kwa bei ya flashi, nyepesi mkononi, na sasa haisomi au mafaili hayafunguki, huenda haikuwa diski kabisa. Ndani huwa na kadi ndogo ya kumbukumbu iliyodanganywa itaje ukubwa mkubwa. H2testw kwenye Windows, au f3 kwenye Linux, huandika diski nzima na kuisoma tena. Endesha kipimo hicho siku ya kununua, kabla ya kuweka chochote na kabla muda wa kurudisha dukani haujaisha. Yaliyoandikwa kupita ukubwa wa kweli hayakuwahi kuhifadhiwa.

Ukilazimika kumpelekea fundi

Diski inayogonga, inayopiga bipu kwenye kila tundu unalojaribu, au iliyoangushwa ikiwa inazunguka, ni ya mtu wa kurejesha data, si ya duka la kutengeneza laptopu. Mwambie modeli, sauti uliyoisikia, na kila ulichokwisha kujaribu, hata kama ni aibu; Format iliyofichwa inampotezea siku nzima. Muulize kama anatengeneza nakala nzima ya diski kabla ya kuanza, na kama unalipa data isipopatikana. Muulize pia anafungulia wapi: vichwa huelea juu ya sahani kwa umbali wa nanomita chache, na chembe moja ya vumbi ni kubwa kuliko nafasi hiyo. Akianza kulegeza skrubu za mfuniko hapo mezani, feni ikizunguka, chukua diski yako uondoke.